Vidole Ndani ya Shali

Kabla mkono wake haujatoka ndani ya shali, Bare Abdisalam alikwisha kujua kwamba ameuza kitu kisicho chake. Alijua, na bado akakaza vidole.

Katika soko la mifugo la Garissa bei ya ngamia haitajwi kwa mdomo. Dalali na mnunuzi hushikana mikono, shali hutupwa juu ya mikono hiyo, na mazungumzo yote hufanywa kwa vidole. Kidole kimoja kikibanwa ni neno, viwili ni neno jingine, na kiganja kikikwaruzwa maana yake ni "acha mchezo, mzee." Wanaosimama pembeni huona shali likitikisika tu; wakitaka kujua zaidi, waende nyumbani wakaote. Ni desturi ya heshima, kwa sababu mtu anayeshushiwa bei hapaswi kushushiwa mbele ya watu. Bare alikuwa dalali tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na hakuna aliyewahi kusema kwamba vidole vyake vilidanganya.

Lakini siku hiyo ya soko alichokuwa akikinunua hakikuwa na nundu. Lilikuwa gari. Gari dogo, jekundu, la mbio, la Kijapani, kuukuu, lenye bawa nyuma ambalo watoto waliliita mkia, na tundu kwenye boneti la kuvutia hewa. Lilikuwa gari la tabo, ile mashine inayoipulizia injini pumzi ya ziada mpaka gari likaruka. Sasa lilikuwa limesimama katikati ya mbuzi wa watu, na beberu mmoja alikuwa amepanda juu ya boneti bila ya mtu kumfukuza.

"Adeer, nikuambie ukweli," kijana Mustaf, mwenye gari, akimwita ami kwa heshima, alimnong'oneza Bare sikioni mikono yao ikiwa tayari imefunikwa. "Tabo imekufa. Gia ya pili haishiki. Sakafu upande wa dereva imeliwa na kutu, ukiinua zulia unaona mchanga. Betri hakuna."

"Na injini?"

"Injini nzima. Wallahi hakuna fundi aliyeifungua."

Bare aliyasikia yote. Alikuwa amewahi kufungua injini za malori ya maji kule Dadaab kabla hajaingia udalali, na alijua kazi iliyokuwa mbele yake: miezi ya kulala mgongoni chini ya chuma, spea za kutafuta kwa tochi, na mafuta meusi chini ya kucha. Alijua, na moyo ukamdunda kwa furaha. Mustaf alitaka ngamia wa maziwa na pesa juu yake. Bare akazikataa pesa, kidole baada ya kidole, mpaka akabaki ngamia mtupu.

"Ngamia yupi, adeer?"

"Suban," Bare akasema, na jina hilo lilimtoka kabla hajalitafuna.

Shali likaondolewa. Mustaf akasema kwa sauti, "Nimeuza," Bare akasema, "Nimenunua," na waliokuwa karibu wakashuhudia. Makabidhiano yangekuwa siku ya soko inayofuata. Hapo ndipo vicheko vilipoanza. Mmoja aliuliza kama gari hilo linakamuliwa asubuhi au jioni. Mwingine akataka kujua kama litazaa.

Bare alilifuta vumbi bawa la gari. Kila siku ya maisha yake ya soko watu walimwuliza swali moja, "Wa nani huyu?" naye alijibu kwa jina la mtu mwingine. Huyu wa Haji fulani. Huyu wa mjane wa Hadado. Mikono yake ilikuwa imepita juu ya maelfu ya migongo, na hakuna mgongo hata mmoja uliokuwa wake. Alitaka mara moja tu katika uhai wake aulizwe "la nani?" na ajibu "langu." Hiyo ndiyo siri yote, na wala haikuwa siri kubwa.

*

Suban hakuwa wake. Suban alikuwa mjukuu wa ngamia aliyetolewa mahari ya mkewe, Ramla. Na mahari ni ya mwanamke: si ya baba yake, si ya mume wake, wala si ya vidole vya mume wake. Maziwa ya Suban yaliuzwa kwenye kibanda cha Ramla karibu na msikiti kila asubuhi, na yaliyobaki yalinywewa nyumbani, Bula Iftin.

Ramla alimsikiliza mumewe mpaka mwisho huku akigeuza anjera kwenye kikaango. Aligeuza ya kwanza. Aligeuza ya pili. Ya tatu ikaungua, na kwa Ramla hilo halikuwa jambo la kawaida.

"Umeliona hilo gari vizuri?" akauliza.

"Nimeliona."

"Linatembea?"

"Bado."

"Aabo, ni lile jekundu?" Bishara alidakia kutoka mlangoni. Alikuwa binti yao, anasomea ualimu chuoni, na likizo zote alikuwa na maneno ya Nairobi mdomoni. "Ile ndai ya Mustaf? Manze, hiyo ni moto! Hooyo, hiyo ikiamka—"

"Wewe nenda ukaamshe moto," Ramla akasema bila kugeuka.

Binti akaondoka. Bare akabaki amesimama kama mtu aliyefika ofisini bila kitambulisho.

"Nitakwenda niwaambie ukweli," akasema. "Niwaambie niliuza ngamia ambaye si wangu."

"Waambie. Na kuanzia siku hiyo nani atakupa ngamia wake umuuzie? Dalali anayeuza bila kutumwa ni jina zuri la mwizi."

"Basi nifanye nini, Ramla?"

"Hukuniuliza ulipokuwa unabana vidole. Usiniulize sasa."

Alikuwa amekasirika, na hasira yake haikuwa ya ngamia peke yake. Wameishi pamoja miaka hiyo yote, wamevuka ukame na ndoa ya binti mkubwa, na hakuna siku Ramla alikataa jambo aliloombwa kwa heshima. Angeulizwa angecheka, angemwita mwendawazimu, halafu pengine angekubali. Hilo la kutoulizwa ndilo lililomchoma.

*

Kesho yake alikuja Abdilatif, mdogo wake Bare, naye dalali, mtu wa maneno laini na viatu safi. Aliketi mkekani, akapewa chai, akainywa kikombe kizima kabla ya kufungua mdomo.

"Walaal, soko zima linacheka. Wanakuita Bare wa Mkia."

"Nimesikia."

"Lakini hii ni kesi ndogo sana. Siku ya makabidhiano utasema kijana alikuficha habari ya tabo. Kasoro ikifichwa, mauzo yanavunjika. Ni sheria, shekhe yeyote atakuambia. Ngamia anabaki zizini, mke anabaki ametulia, na jina lako linabaki safi."

"Lakini aliniambia."

Abdilatif akatabasamu. "Nani alisikia?"

Nje, Bishara alikuwa akifagia uwanja. Ramla alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, mikono imetulia juu ya unga, anangoja. Alingoja mume wake aseme, "Nilisikia mimi." Alingoja mpaka Abdilatif akaaga na viatu vyake safi vikasikika vikitoka langoni, na Bare hakuwa amesema neno.

Basi akafungua pazia.

"Ndugu yako amekuuliza nani alisikia. Sikukusikia ukijibu."

"Nilikuwa nafikiri."

"Ulikuwa unafikiri nini? Yule kijana atabaki na jina gani? Muuzaji aliyeficha kasoro, na hajaoa bado. Shali lilifunika mikono yenu, Bare. Halikumfunika Mungu."

Bare aliinamisha kichwa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akaona ni afadhali vile vicheko vya soko.

"Bishara!" Ramla akaita. "Vaa jilbabu yako. Tunakwenda kuona hilo gari."

*

Mustaf alikaa na mama yake, Fartun, pembezoni mwa mji, mahali nyumba zinapoishia na miiba inapoanza. Kitu cha kwanza Ramla alichokiona si gari. Aliona zizi. Lilikuwa zizi la miiba lililojengwa vizuri, lango lake limefungwa kwa kamba mpya, na ndani hamna kitu. Hata harufu ya samadi ilikuwa imekwisha. Mtu alikuwa akilifagia zizi lisilo na mnyama.

Fartun aliwakaribisha kwa dua na salamu ndefu, akaleta chai. Ilikuwa chai ya rangi. Ilikuwa tamu mno, kwa sababu sukari ilikuwa imetiwa mara mbili ili kuziba pengo la kitu kingine. Mwanamke wa ngamia kumpa mgeni chai isiyo na maziwa! Fartun aliweka vikombe huku anatazama pembeni.

"Utanisamehe, abaayo. Wangu wote walilala kule Hadado, ukame ule wa juzi. Wa mwisho tulimwinua kwa kamba kila asubuhi, mpaka asubuhi moja akakataa kuinuka."

"Chai ni nzuri," Ramla akasema, akainywa yote, na akaomba nyingine. Aliona mabega ya Fartun yakishuka kidogo.

Mustaf alikuwa amerudi kutoka Islii, Nairobi, alikokuwa akiuza nguo. Gari alilinunua siku biashara iliponoga, akaliendesha kama kijana anavyoendesha, na biashara ilipolala gari nalo likalala. Alimpeleka Ramla mpaka sokoni lilipokuwa bado, na kabla hajaulizwa alianza kuhesabu kasoro kwa vidole, wazi, bila shali. Tabo. Gia ya pili. Sakafu. Betri.

"Na honi, eedo," akamaliza, uso umemshuka. "Honi nilisahau kumwambia adeer. Hailii."

Ramla aliziba mdomo kwa shela lake asionekane akicheka. "Na ukilipwa pesa badala ya ngamia?"

"Pesa nitaila, eedo. Najijua. Na mama yangu hajui kukamua pesa."

Bishara alikuwa amekwisha kuingia ndani, ameshika usukani, anageuza kushoto na kulia huku akinguruma kwa mdomo, mwalimu mzima wa kesho. Ramla alilizunguka gari polepole. Alilitazama kama alivyofundishwa na baba yake kutazama ngamia: miguu kwanza, halafu mdomo, halafu mgongo, na uzuri mwisho. Miguu ilikuwa mibovu. Mdomo ulikuwa umekosa jino. Mgongo, alipoupapasa, ulikuwa umenyooka. Alikumbuka mikono ya Bare zamani za Dadaab, imepakwa oili mpaka kwenye viwiko, na jinsi alivyokuwa akirudi nyumbani akiimba. Siku hizi alirudi akihesabu komisheni, bila kuimba.

"Mwendawazimu wangu," akasema taratibu, na hakuna aliyemsikia.

Alirudi nyumbani bila kumwambia mumewe alichoamua. Naye Bare hakuuliza. Alikuwa amejifunza.

*

Siku ya soko vumbi lilipanda mapema. Mwenyekiti wa madalali, mzee mwenye hina kwenye ndevu, alisimama kati ya Bare na Mustaf. Watu walijaa kwa sababu kucheka ni bure. Gari lilikuwa pale pale kati ya mbuzi. Abdilatif alisimama nyuma ya kaka yake, karibu kiasi cha kumkoholea.

"Bare Abdisalam," mwenyekiti akasema. "Ulinunua. Kuna kasoro uliyofichwa?"

Abdilatif akakohoa.

Bare alitazama mikono yake mwenyewe. "Sikufichwa," akasema. "Aliniambia tabo imekufa. Aliniambia gia, sakafu na betri. Nilisikia mimi."

Mustaf akainua mkono. "Mzee, kuna honi. Honi sikumwambia. Hailii."

Soko likalipuka kwa kicheko. Mwenyekiti mwenyewe alilazimika kufuta macho. "Waryaa, kijana! Hiyo ni kasoro iliyofichwa. Bare, ukitaka kurudisha gari, sheria iko na wewe."

Mlango ulikuwa umefunguka, tena mlango wa halali, na aliyeufungua ni yule yule kijana. Abdilatif alimsukuma kaka yake kwa bega. Bare angeweza kupita hapo na kwenda zake nyumbani, ngamia zizini na jina lake mfukoni. Alimtazama Mustaf, kijana aliyejishtaki kwa ajili ya honi, akaona haya mbele ya mtu ambaye yeye angeweza kumzaa.

"Sirudishi gari kwa ajili ya honi," akasema. "Kasoro kubwa iko upande wangu. Ngamia niliyemuuza si wangu. Ni wa mke wangu, wa mahari yake. Sikumwuliza."

Kicheko kilikatika. Hata mbuzi walisikika wakitafuna. Katika soko lile mtu angeweza kukiri deni, ugomvi, hata talaka. Lakini dalali kukiri kwamba ameuza bila kutumwa, mbele ya wenye mifugo wote, hilo halikuwahi kutokea. Mtu mmoja akasema "Subhanallah" kwa sauti ya chini. Abdilatif alirudi nyuma hatua moja ili asihesabiwe.

"Basi mwenye ngamia yuko wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Yuko hapa."

Watu walipisha. Ramla alikuja kutoka upande wa wauza maziwa, kamba mkononi, na nyuma yake Suban akitembea kwa ile dharau ya ngamia anayejua bei yake. Wanawake hawaingii upande wa ngamia siku ya soko; hakuna sheria inayokataza, ila hakuna aliyewahi kujaribu. Ramla alitembea kana kwamba anavuka uwanja wa nyumba yake. Kando yake alikuwa Fartun, amevaa nguo yake nzuri.

"Gari nimelikagua," Ramla akasema. "Kasoro zake nimeambiwa zote, pamoja na honi. Mume wangu amesema kweli: hakuniuliza. Na nyinyi mmesikia amesema mwenyewe, hakusemewa na mtu." Akageuka kwa Bare. "Sasa niulize."

Bare alimsogelea hatua moja. "Ramla. Unaridhia Suban aende, gari lije?"

"Nitajua baada ya kuongea na mnunuzi. Nipe shali lako."

Alilivua begani akampa. Ramla akaushika mkono wa Fartun, akatupa shali juu yake, na wanawake wawili wakaanza. Shali likatikisika. Likatulia. Likatikisika tena, Fartun akakunja uso, Ramla akatazama mawingu kama mtu asiye na haja. Wazee waliovaa shali maisha yao yote walinyoosha shingo kama watoto. Mmoja akasema kwamba yule mwanamke anajua kubana. Ilichukua muda, na hakuna aliyeondoka.

Mwishowe shali likaondoka. "Nimeuza," akasema Ramla. "Nimenunua," akasema Fartun, na kamba ikahama. Fartun aliweka kiganja kwenye shingo ya Suban na kukiacha hapo. Alilia bila kuficha. Mustaf aligeuza uso upande wa mbuzi.

Bare alikuwa bado amesimama peke yake, anangoja kufukuzwa kazi, alipohisi kamba ikiwekwa kiganjani mwake. Aliyeiweka alikuwa mzee mmoja mfugaji, amekuja na ngamia kutoka Bute, mtu asiyemjua.

"Niuzie huyu," mzee akasema.

"Mimi?"

"Dalali anayejishtaki mwenyewe, nimwogopee nini?"

*

Gari halikuwa na betri, kwa hiyo lilikwenda nyumbani kwa kusukumwa. Bishara alikaa kwenye usukani. Ramla alikaa kando yake, kioo kimeshushwa, kiwiko nje, shela lake likipepea kidogo kwa sababu mwendo wenyewe ulikuwa wa kobe. Nyuma walisukuma Bare na Mustaf, na Abdilatif pia, ambaye Ramla alimwita kwa jina mbele ya watu ili asiweze kukataa. Viatu vyake havikuwa safi tena.

"Ulimbana nini?" Bare aliuliza akihema, karibu na dirisha.

"Maziwa. Fartun ana ngamia, hana wateja. Mimi nina wateja, sina ngamia. Sehemu kubwa ya maziwa ya asubuhi yatakuja kibandani kwangu, kwa bei yetu, na ya kunywa atabaki nayo. Alitaka kunibania kikombe, nikamkwaruza kiganja."

Bare alicheka, kicheko ambacho hakikuwa kimesikika nyumbani kwake kwa siku nyingi. "Wewe ndiye ungekuwa dalali."

"Nimekuwa. Na sikiliza, baba Bishara. Kilichonunuliwa kwa mahari ni mahari. Umeelewa?"

Alielewa. Alisukuma hatua kadhaa. Lile neno "langu" alilolitamani lilipita mbele yake, likaenda zake, naye akashangaa kuona haliumi.

"Utanipa ruhusa nilitengeneze?" akauliza.

"Umeniuliza vizuri," akasema Ramla. "Nakupa."

Waliingia barabara kuu. Watoto walikuwa wamejipanga pande zote mbili, na kwa vile honi hailii walilia wao, "Piiii! Piiii!" mpaka wauza duka wakatoka nje. Muuza vitambaa mmoja mnene, aliyekuwa akimwita Bare wa Mkia, aliweka mikono kiunoni.

"Bare!" akapaza sauti ili barabara yote isikie. "La nani hilo?"

Bare Abdisalam alinyoosha mgongo. Jasho lilikuwa likimtiririka, mikono yake ilikuwa myekundu kwa vumbi la gari, na kwa mara nyingine tena katika maisha yake alijibu kwa jina la mtu mwingine. Lakini hakuwahi kulisema jina kwa sauti kubwa kiasi kile.

"La Ramla!" akasema. "La mke wangu, Ramla!"

Kisha akaweka bega na kusukuma.